Simu ya Ofisi: Hesabu Wanaokupigia Kabla ya Kununua Mtambo

Mteja ana kontena bandarini. Siku za kuhifadhiwa bure zinakwisha kesho, na kila siku itakayozidi ataitolea hela. Anatoa risiti mfukoni, anapiga namba ya wakala wake wa forodha. Inaita, inaita, inakata. Anapiga tena: namba inatumika. Mara ya tatu anaamua kumpigia kijana aliyemhudumia mwezi uliopita. "Bosi wangu, mimi siko pale siku hizi. Nipo kampuni nyingine. Wewe nitumie tu nyaraka, nitalishughulikia." Ofisi ya kwanza imeshampoteza mteja, wala haijui kwamba alipiga.

Simu hizo tatu zimebeba makosa matatu tofauti. Ya kwanza haikuwa na mtu wa kuipokea. Ya pili ilikuta laini hazitoshi. Ya tatu inaonyesha kwamba namba anayoijua mteja ni mali ya mfanyakazi, na mfanyakazi alipoondoka aliondoka nayo. Mwenye ofisi akikurupuka kwenda dukani kununua PABX (mtambo wa kuunganisha simu za ofisi) yenye taa nyingi, huenda akalitibu kosa moja na kuyaacha mawili. Kwa hiyo tumfuate mpigaji hatua kwa hatua, tuone anapotelea wapi, ndipo tuseme ununue nini.

Anza na daftari

Kwa wiki mbili, weka daftari mapokezi. Kila simu iandikwe: imeingia au imetoka saa ngapi, mpigaji alitaka nini, nani alimhudumia, maongezi yalichukua dakika ngapi. Wafanyakazi wanaotumia simu zao za mkononi kwa kazi nao waorodheshe; kumbukumbu za simu zilizopigwa, zilizopokelewa na zisizopokelewa zimo ndani ya simu zenyewe.

Ukimaliza, tafuta saa moja yenye shughuli kuliko zote. Tuchukue mfano wa ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, yenye watu 20 na tawi dogo Tunduma mpakani. Tuseme daftari lao linaonyesha kwamba kati ya saa nne na saa tano asubuhi zinapita simu 40, kila moja ya dakika 3 hivi. Hizo ni dakika 120 za maongezi ndani ya saa yenye dakika 60. Maana yake, kwa wastani, laini 2 ziko kazini muda wote.

Hapo wengi huteleza. Wanasema: basi laini 2 zinatosha. Zingetosha kama wateja wangepiga kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine aanze. Lakini wateja hawapangi foleni. Dakika hii hapigi mtu, dakika ijayo wanapiga watano. Mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukokotoa jambo hilihili, na wahandisi wa simu wanaitumia hadi leo. Kwa mzigo wa ofisi yetu, kanuni yake inatoa majibu haya:

- Laini 2: simu 4 kati ya 10 zitakuta laini zimejaa.
- Laini 3: 2 kati ya 10.
- Laini 4: karibu 1 kati ya 10.
- Laini 5: karibu 4 kati ya 100.
- Laini 6: karibu 1 kati ya 100.

Kwa hiyo ofisi ya watu 20 haihitaji laini 20, na laini 2 zitaifukuzia wateja. Sita zinaitosha. Vikokotoo vya bure vya kanuni hii vimejaa mtandaoni. Tafuta kwa jina "Erlang B", ingiza hesabu za daftari lako. Utaingia dukani ukijua unachotaka, na muuzaji atazungumza nawe kwa adabu nyingine.

Namba ni ya nani?

Kabla ya mashine, kuna namba. Mashine utaibadilisha baada ya miaka kadhaa. Namba imechapishwa kwenye risiti, imeandikwa ubavuni mwa gari, imehifadhiwa kwenye simu za watu usiowajua. Ikipotea, hakuna fundi wa kuirudisha.

Ukitumia laini za mkononi, zisajiliwe kwa jina la kampuni, si la karani wa mapokezi wala la shemeji aliyekuwa karibu siku ile na kitambulisho chake cha NIDA. Nchini Tanzania kila mtu anaweza kupiga *106# kuangalia laini iliyomo kwenye simu yake imesajiliwa kwa jina gani. Zikague laini zote za ofisi leo, wapo watakaoshtuka.

Ukitumia namba ya mezani, tarakimu za mwanzo humwambia mteja ofisi iko wapi: 022 ni Dar es Salaam, 028 ni Mwanza, 020 ni Nairobi, 041 ni Mombasa. Kwa biashara inayoomba zabuni au kuhudumia mashirika, namba hiyo bado ina heshima yake, maana inaashiria mlango unaojulikana. Iliyo ya bure kwa mpigaji, inayoanza na 0800, inaifaa biashara yenye wateja wengi wa salio dogo, ila kumbuka bili yote inakuja kwako.

Muulize kila mtoa huduma: nikihama, namba inahama nami? Tangu mwaka 2017 mwenye laini ya mkononi Tanzania anaweza kubadili mtandao na kubaki na namba ileile. Usidhani namba ya mezani au ya intaneti itahama kwa urahisi huohuo. Jibu liwe kwa maandishi.

Njia nne za kupokea simu

*Simu za mkononi za ofisi.* Kwa biashara ya watu watano au chini, hii mara nyingi ndiyo njia yenye akili. Nunua simu za ofisi, weka laini za kampuni, ziachwe ofisini jioni. Kampuni za simu huuza vifurushi vya kundi ambavyo wafanyakazi hupigiana bure au kwa ada moja ya mwezi. Udhaifu wake ni kwamba simu haihamishiki vizuri kutoka meza moja kwenda nyingine: mteja huambiwa "mpigie huyu namba hii", na akishakata, kurudi kwake ni bahati. Meneja naye hana njia rahisi ya kujua simu ngapi hazikupokelewa.

*PABX ya analojia.* Hii ndiyo ile tuliyoikuta mahotelini na serikalini: kasha ukutani, waya hadi kila meza, opareta mapokezi, ekstensheni (namba za ndani) za tarakimu tatu. Ni mashine ngumu isiyojua virusi, na nyingi zimefanya kazi miaka mingi bila kulalamika. Shida yake ni upanuzi. Kila meza mpya inataka waya mpya, nafasi za ekstensheni zikijaa unanunua kadi nyingine, na tawi la Tunduma haliwezi kuwa ekstensheni ya Dar es Salaam. Vilevile dunia inaiacha nyuma. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za waya ifikapo Januari 2027. Ukitajiwa PABX ya mtumba kutoka Ulaya kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini imetupwa, na kadi yake ikiungua utaipata wapi nyingine. Kama tayari unayo na inafanya kazi, usiing'oe kwa kufuata mkumbo. Iache imalize umri wake.

*PABX ya intaneti iliyoko ofisini kwako.* Kasha dogo, au kompyuta ya kawaida, linaunganishwa na mtandao wa kompyuta wa ofisi. Simu za mezani zinachomekwa kwenye waya uleule wa kompyuta, na simu ya mkononi ya afisa aliyeko bandarini inageuka ekstensheni kwa kuwekewa programu. Tunduma inakuwa ekstensheni 301, inapigiwa kama meza ya jirani. Programu yenyewe inaweza hata kuwa ya bure: mwaka 1999 Mmarekani Mark Spencer, aliyekuwa akianzisha kampuni na hana hela ya kununua PABX, aliandika ya kwake, Asterisk, akaiachia dunia. Mitambo mingi inayouzwa leo imejengwa juu yake. Bure hapa haina maana ya kutogharamia. Unamlipa fundi anayeielewa, na siku akihama mji ndipo utajua thamani yake.

*PABX ya kukodi mtandaoni.* Mtambo hauko kwako kabisa. Uko kwenye kompyuta za mtoa huduma, nawe unalipia kila mtumiaji kwa mwezi. Unaanza haraka, huna mashine ya kutunza, mfanyakazi mpya anaongezwa kwa dakika chache. Ila fanya hesabu ya mbali: watu 20 kwa miezi 36 ni malipo 720. Ile bei ndogo uliyotajiwa izidishe kwa 720 ndipo uilinganishe na bei ya kununua. Kisha uliza mtambo wenyewe uko nchi gani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku kama ile, ofisi ambayo mtambo wake uko Ulaya inaweza kushindwa kupiga simu kutoka mapokezi hadi chumba cha mhasibu, ilhali ukuta mmoja tu ndio unaowatenga.

Kwa ofisi yetu ya forodha, mtambo wa intaneti ulioko ofisini ndio unaokaa vizuri: laini 6 za kutoka nje, ekstensheni 20, na Tunduma ndani yake. Duka la vipuri lenye watu wanne lingebaki na simu za mkononi. Kampuni changa ambayo nusu ya watu wake wanafanyia kazi nyumbani ingekodi.

Laini za kwenda nje

Mtambo huunganisha watu wa ndani; kwenda nje unahitaji laini. Ziko za waya wa shaba au faiba, na ziko zinazopita kwenye intaneti, ambazo mafundi huziita laini za SIP. Hizi za SIP huuzwa kwa idadi ya maongezi yanayoweza kwenda kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hesabu ya daftari inakuwa na faida: unanunua 6, huongopewi kununua 20.

Fundi anaweza kukushauri ufunge kisanduku cha kuingizia kadi za mkononi ili upige kwa dakika za vifurushi. Kiufundi kinafanya kazi. Lakini vifaa vya namna hiyo ndivyo wanavyotumia walanguzi wanaopitisha simu za kimataifa kwa njia za panya, kwa hiyo mamlaka huvifuatilia. Usikifunge kabla hujapata ruhusa na kujua masharti ya mtandao uliokupa laini. Kwa jumla, Tanzania vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na anayevifunga awe na leseni; Kenya kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Intaneti na umeme

Watu huogopa kwamba simu za intaneti zinakula bando. Zinakula kidogo. Maongezi mamoja ya sauti safi yanachukua karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo maongezi 6 kwa pamoja hayafiki hata megabiti moja. Kinachoharibu sauti ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, ikizidi sana, wazungumzaji wanaanza kuingiliana, kila mmoja anasema "haloo, unanisikia?". Mara nyingi mchawi yumo ndani ya nyumba: mtu anatuma mafaili makubwa, mwingine anatazama mpira, na sauti inasubiri nyuma yao. Mwambie fundi aipangie ruta ili sauti ipite kwanza. Na jaribio lifanyike saa nne ya Jumatatu, maana Jumapili jioni kila intaneti ni nzuri.

Umeme ni habari nyingine. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48, ndiyo maana taa zilizima nayo ikaendelea kuita. Simu ya intaneti haina zawadi hiyo. Umeme ukikatika, mtambo, ruta, kisanduku cha faiba na kila simu ya mezani vinakufa pamoja. Dawa yake ni nafuu ukiipanga mapema: nunua swichi inayopeleka umeme kwenye simu kupitia waya wa mtandao, kisha swichi hiyo, ruta, kisanduku cha faiba na mtambo viwekwe kwenye UPS au inverta moja. Jenereta peke yake halitoshi: linachukua muda kuwaka, na katika sekunde hizo simu zote zilizokuwa zikiendelea zimeshakatika.

Kuwe pia na njia ya kando. Agiza kwamba intaneti ikizimika, simu zinazoingia zihamie zenyewe kwenye simu moja ya mkononi ya ofisi. Na muulize fundi namba za dharura, kama 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto, zinapitaje kwenye mtambo wako. Siku ya moto si siku ya kugundua kwamba kila simu ya kwenda nje lazima ianze na tarakimu 9.

Nani anapokea?

Simu sasa imefika ndani salama. Bado haijapokelewa.

Ile sauti ya "bonyeza moja kwa mauzo, bonyeza mbili kwa uhasibu" inasaidia pale tu idara zipo kweli. Ofisi ya watu wanane yenye orodha ya vitufe sita inamchosha mteja huku salio lake linaungua. Chaguo zisizidi tatu au nne, Kiswahili kitangulie kama wateja wengi huzungumza Kiswahili, na sifuri impeleke kwa mtu. Panga pia mpangilio wa kupokea: iite mapokezi kwa sekunde 15, isipopokelewa ziite meza tatu kwa pamoja, kisha simu ya mkononi ya msimamizi.

Usisahau kubipu. Wateja wetu wengi wanaita mara moja na kukata, wakitegemea utawapigia. PABX nyingi kuukuu haziweki kumbukumbu ya simu hizo. Mtambo mpya unaweka namba, saa na mara ngapi alipiga. Mpe mtu mmoja kazi ya kuipitia orodha hiyo saa sita mchana na saa kumi jioni, awapigie wote. Kwa biashara nyingi, faida ya mfumo mzima iko kwenye orodha hiyo.

Na kwa kuwa wateja wapo WhatsApp, fahamu kwamba programu ya WhatsApp Business inakubali kusajiliwa kwa namba ya mezani; msimbo unasomwa kwa simu ya sauti. Siku ya kusajili, zima kwanza ile sauti ya "bonyeza moja", mtu aipokee mwenyewe. Hapo risiti yako itabaki na namba moja ya kupiga na kuandikia.

Wezi wa dakika, na sauti za watu

Mtambo uliounganishwa na intaneti unatafutwa na wezi. Wanapekua usiku kucha wakisaka wenye nywila nyepesi, wakiingia wanapiga mamia ya simu kwenda namba za ng'ambo zenye gharama kubwa, ambazo wao wana mgao wake. Hupenda mwishoni mwa wiki. Jumatatu unakuta bili. Jikinge hivi: badilisha nywila zote za kiwandani, kila ekstensheni iwe na nywila ndefu ya peke yake, zuia simu za kimataifa isipokuwa kwa wanaozihitaji, weka ukomo wa matumizi kwa siku, na wafanyakazi wa mbali waingie kwa njia iliyofungwa, si mlango ulioachwa wazi kwa dunia.

Ukirekodi mazungumzo, unakusanya taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Mwambie mpigaji mapema kwamba anarekodiwa na kwa nini, amua rekodi zitakaa muda gani, na zisikilizwe na wachache.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usipoteze wiki nzima kulinganisha majina ya viwanda. Chapa nyingi zinazojulikana zitakufaa. Tumia wiki hiyo kumpima atakayekufungia na kukuhudumia. Omba majibu ya maandishi:

1. Jumla ya gharama kwa miaka mitatu ni kiasi gani: kufunga, simu, leseni, dakika, matengenezo, kodi?
2. Mtambo ukizimika saa nne asubuhi, nani anakuja na kwa muda gani?
3. Nywila kuu za mtambo nitakabidhiwa mimi?
4. Nikifikia watu 40, nabadilisha mtambo au naongeza tu?
5. Simu hizi za mezani zinakubali mtambo wa kampuni nyingine, au nimefungwa kwako?
6. Nikivunja mkataba, namba na rekodi zangu nazipataje?
7. Ni ofisi zipi mbili za ukubwa wangu ninazoweza kuzitembelea nikaone kazi yako?

La tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Ofisi nyingi hugundua siku ya ugomvi kwamba mtambo ni wao na funguo ni za fundi.

Mtihani wa mwisho

Kabla hujamaliza kulipa, bakiza sehemu ya malipo kwa wiki mbili, na mwambie fundi hivyo tangu mwanzo. Kisha Jumatatu saa nne na nusu toka ofisini, kaa kwenye mgahawa wa jirani, azima simu ambayo namba yake haijulikani kazini kwako. Piga namba iliyo kwenye risiti yako. Hesabu inaita mara ngapi. Omba uhamishiwe uhasibu. Kata, kisha bipu mara moja, unywe chai yako taratibu uone kama kuna atakayekupigia, na baada ya muda gani.

Halafu rudi ofisini, zima swichi kuu ya umeme, upige tena.